Kifungu cha 8 na Kifungu cha 17: Nani Hulipia Masharti ya Kusalimu Amri?

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani Afrika Mashariki, aliingia Abercorn na jeshi lake. Abercorn ndiyo Mbala ya leo, mji mdogo kaskazini mwa Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na Wajerumani wapatao 150, askari Waafrika zaidi ya 1,100, wapagazi zaidi ya 1,500, pamoja na mamia ya wanawake waliokuwa wakilifuata jeshi hilo porini. Alisoma tamko lake kwa Kijerumani, akalirudia kwa Kiingereza mbele ya Brigedia Jenerali Edwards, naye Edwards akalipokea kwa niaba ya Mfalme George wa Tano. Kisha askari wakaanza kuweka bunduki chini, kombania moja baada ya nyingine.

Tukio hilo limesimuliwa kwa zaidi ya miaka mia moja kama mwisho wa jemadari ambaye hakushindwa vitani. Sina nia ya kumvua Lettow sifa yake ya kijeshi. Ninachotaka kukichambua ni masharti. Jeshi lolote linaposalimu amri kunakuwa na karatasi, au walau ujumbe wa simu, unaosema nani abaki na nini, nani apelekwe wapi, na nani amlishe nani. Ukizisoma karatasi hizo, za hapa kwetu na za mbali, utakuta jambo moja linajirudia kiasi kwamba haliwezi kuwa la bahati mbaya. Waliokaa mezani hubishania kwa ukali heshima yao, farasi wao, bastola zao na mali zao. Wakifika mahali ambapo lazima mmoja alegeze ili wamalizane, kinacholegezwa ni haki ya mtu ambaye hakualikwa.

Tuanze na Abercorn yenyewe.

Masharti yalitoka kwa Luteni Jenerali Jacob van Deventer, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki. Habari za Ulaya zilimfikia Lettow kupitia kwa adui. Tarehe 13 Novemba watu wake walimkamata mpanda pikipiki wa Kiingereza aliyekuwa akipeleka ujumbe kwa vikosi vya upande wake, na ndani ya ujumbe huo mlikuwa na taarifa kwamba vita vimesitishwa. Siku iliyofuata, kwenye mto Chambeshi, hakimu wa Kiingereza wa Kasama, Hector Croad, akakutana naye kuthibitisha. Ujumbe wa van Deventer ulikuwa mfupi. Lettow awaachie mara moja mateka wote, Wazungu na Waafrika. Alete jeshi lake Abercorn bila kuchelewa, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa karibu ambapo Waingereza wangeweza kuwapatia chakula. Akabidhi silaha zote na risasi zote. Kisha likaja sharti la heshima: kwa kutambua jinsi walivyopigana kishujaa, yeye Lettow, maofisa wake na Wazungu wa vyeo vingine wataruhusiwa kubaki na silaha zao binafsi kwa wakati huo. Wajerumani watapelekwa Morogoro, askari watarudishwa makwao.

Lisome tena sharti hilo la silaha. Ushujaa unaosifiwa hapo ni wa jeshi ambalo, hata ukiwaweka kando wapagazi, karibu watu tisa katika kila kumi walikuwa Waafrika. Ni wao waliovuka Ruvuma mwaka mmoja kamili kabla ya hapo, tarehe 25 Novemba 1917, wakawapiga Wareno pale Ngomano, wakazunguka Msumbiji kwa miezi kumi, wakarudi hadi Songea, kisha wakaingia Rhodesia ya Kaskazini. Tuzo ya ushujaa huo ikapangwa kwa rangi ya ngozi. Mjerumani wa cheo cha chini kabisa alibaki na bastola yake kiunoni. Sol au effendi, yaani Mwafrika mwenye cheo, aliyekuwa jeshini tangu vita vya Tanga akaweka bunduki chini na kuingizwa kambini pamoja na wenzake. Hakuna aliyejadiliana kwa niaba yake kuhusu heshima ya kijeshi, ingawa heshima hiyo aliifanyia kazi miaka minne.

Ndani ya ujumbe ule mna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Van Deventer alimwambia Lettow kwamba Kifungu cha 17 cha mapatano yaliyotiwa saini Ulaya kinayataka majeshi ya Ujerumani Afrika Mashariki yasalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja. Kweli, rasimu ambayo Washirika waliwakabidhi wajumbe wa Ujerumani katika msitu wa Compiègne ilisema hivyo. Lakini Matthias Erzberger, kiongozi wa wajumbe hao, na wenzake waliibishia, na maandishi yaliyotiwa saini alfajiri ya tarehe 11 Novemba yakawa tofauti: majeshi hayo yaondoke Afrika Mashariki katika muda utakaopangwa na Washirika. Tofauti hiyo si ya mapambo. Jeshi linaloondoka lina nafasi ya kudai liondoke na bunduki begani na lipewe njia. Jeshi lililosalimu amri bila masharti linakaa pale linapowekwa, na linasubiri kuambiwa. Lettow baadaye alilalamikia tofauti hiyo. Hakufika popote, kwa sababu silaha zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa.

Basi Wajerumani walishinda hoja ndani ya behewa la treni Ufaransa, na ushindi wao haukufika Chambeshi. Haukufika kwa sababu Lettow hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuwasiliana na Berlin. Alichokijua kuhusu mapatano ya serikali yake alikijua kwa hisani ya adui. Watu wengi hudhani nguvu ya kujadiliana inatokana na idadi ya bunduki zilizobaki. Inatokana nayo, sikatai. Lakini anayeishika karatasi, anayeisafirisha na anayeitafsiri ana nguvu ambayo mara nyingi haionekani katika vitabu vya vita. Kanuni za Hague za mwaka 1907, yaani sheria za kimataifa za vita, zililitambua hilo kwa namna yake: Kifungu cha 32 kinamlinda mjumbe mwenye bendera nyeupe, na pamoja naye kinamlinda mpiga tarumbeta au ngoma, mshika bendera, na mkalimani.

Ajabu ni kwamba Lettow huyohuyo, miaka minne kabla, alinufaika na kosa la upande wa pili katika jambo hilohilo. Tarehe 2 Novemba 1914, Kapteni Caulfeild wa manowari HMS Fox alifika Tanga, akamwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamweleza kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamefutwa na kwamba mji usalimu amri au upigwe mizinga. Alimuuliza hata kama bandari imetegwa mabomu, na Auracher hakumwondolea hofu hiyo. Akaomba muda wa kushauriana na wakubwa wake. Alipofika nchi kavu akapeleka habari kwa Lettow, akavaa sare ya jeshi. Saa zile chache zilitosha kuanza kuleta kombania kwa reli kutoka Moshi. Siku tatu baadaye, jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India lilikuwa linarudi melini, limeshindwa na jeshi la watu kama 1,000. Kudai adui asalimu amri ni kitendo cha kivita, na anayekidai ovyo humpa mwenzake muda, ambao ndio bidhaa adimu kuliko zote katika mazungumzo ya aina hii.

Ila van Deventer wa 1918 hakuwa mtu wa kufanya kosa la Caulfeild. Alizijua meza hizi, maana aliwahi kuwa upande wa walioshindwa. Alikuwa Kaburu, aliyepigana dhidi ya Waingereza chini ya Jan Smuts katika Koloni la Rasi (Cape) mwaka 1901 na 1902. Smuts mwenyewe ndiye aliyekuja kuongoza majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki Februari 1916, na van Deventer akaja naye. Ukitaka kuelewa jinsi watu hawa walivyofikiri kuhusu kusalimu amri, inabidi urudi Vereeniging, Afrika Kusini, vita vya Makaburu na Waingereza vilipomalizwa, na kwa kweli ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Mei 1902 Makaburu wa Transvaal na Orange Free State walikuwa hawana tena miji wala reli. Mashamba yao yalikuwa yamechomwa moto kwa amri ya Kitchener, jemadari mkuu wa Uingereza. Wake na watoto wao walikuwa wamekusanywa katika kambi ambako karibu watu 28,000 walikufa, wengi wao watoto. Katika kambi nyingine, zilizotengwa kwa ajili ya Waafrika, walikufa watu wasiopungua 14,000. Pamoja na hayo, Makaburu wapatao 20,000 walikuwa bado porini na bunduki. Waingereza walikuwa wamechoka na gharama, na Kitchener alitaka kwenda India. Kila upande ulikuwa na sababu ya kumaliza. Hapo ndipo mazungumzo ya kusalimu amri huzaliwa: anayeshinda anaona kwamba ushindi kamili utamgharimu kuliko ushindi wa kupatana, na anayeshindwa bado ana uwezo wa kudhuru kiasi cha kusikilizwa.

Wajumbe 60 walikutana Vereeniging, wakawatuma Botha, de la Rey, de Wet, Hertzog na Smuts kwenda Pretoria kuzungumza na Kitchener na Milner, mwakilishi mkuu wa serikali ya Uingereza. Usiku wa tarehe 31 Mei, katika nyumba iitwayo Melrose House, wakatia saini, baada ya wajumbe kupiga kura 54 dhidi ya 6. Makaburu wakakubali kuwa raia wa mfalme wa Uingereza. Na wakapata nini? Uhuru wa kila mtu binafsi na mali yake havikuguswa. Kiholanzi kingefundishwa shuleni pale wazazi wanapotaka, na kingeruhusiwa mahakamani. Bunduki za kujilinda zingeruhusiwa kwa leseni. Hapangekuwa na kodi ya ardhi ya kulipia vita. Uingereza ingetoa pauni milioni 3 za kuwarudisha watu mashambani. Ni nadra sana katika historia mshindi kumlipa aliyeshindwa kiasi hicho ili akubali kushindwa.

Kisha kuna Kifungu cha 8. Kinasema kwamba suala la kuwapa wenyeji haki ya kupiga kura halitaamuliwa mpaka baada ya kuanzishwa kwa serikali ya kujitawala.

Sentensi moja. Rasimu ya awali ilisema kura haitatolewa kwa wenyeji kabla ya serikali ya kujitawala, na mtu angeweza kuielewa kwamba ikishaanzishwa itatolewa. Smuts akaigeuza: sasa ni suala lenyewe ambalo halitaamuliwa. Kilichokuwa ahadi ya kuchelewesha kikawa ruhusa ya kukataa, kwa sababu serikali hiyo ya kujitawala ingechaguliwa na nani kama si na Makaburu na Waingereza wenyewe? Hili ni kazi ya mwanasheria hodari, naye Smuts alikuwa mwanasheria hodari. Katika Transvaal na Orange, Mwafrika hakupiga kura hadi mwaka 1994. Ni miaka 92.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Uingereza ilijua. Mwaka mmoja kabla, mazungumzo kati ya Kitchener na Botha pale Middelburg yalipokuwa yanaendelea, waziri wa makoloni Joseph Chamberlain aliandika kutoka London kwamba hawawezi kukubali kuinunua amani kwa kuwaacha watu weusi katika hali waliyokuwa nayo kabla ya vita. Bei ilikuwa imeonekana, ikatajwa kwa jina, ikakataliwa. Mei 1902 ikalipwa. Maelfu ya Waafrika walikuwa wamelitumikia jeshi la Uingereza katika vita hivyo kama wapelelezi, walinzi na waendesha mikokoteni, wengine wakiwa na silaha, na walikuwa na kila sababu ya kutarajia kitu. Hawakuwa na mjumbe Vereeniging wala Melrose House.

Najua hoja ya kupinga. Mtu atasema jemadari anayejadili kusalimu amri hana mamlaka ya kupanga siasa za nchi. Kazi yake ni kuzima moto, na akitaka kutatua kila dhuluma kabla ya bunduki kuwekwa chini, watu wataendelea kufa. Hoja hii ina uzito. Inasaidiwa hata na mfano ambao wengi huuona kuwa bora kuliko yote, ule wa Appomattox, Virginia, tarehe 9 Aprili 1865.

Pale Ulysses Grant, jemadari wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipokutana na Robert E. Lee, jemadari wa Kusini, alikuwa na maagizo ya Rais Lincoln ya kutogusa mambo ya siasa. Akaandika masharti mepesi: askari waweke silaha, waende nyumbani, na wasisumbuliwe na serikali ya Marekani maadamu wanatii ahadi yao na sheria. Maofisa wabaki na silaha za kiunoni, farasi na mizigo yao. Lee akamkumbusha kwamba katika jeshi lake hata askari wa kawaida wa farasi na wa mizinga wanamiliki farasi wao. Grant hakubadilisha maandishi, lakini alikubali kuagiza kwamba kila atakayesema farasi au nyumbu ni wake aondoke naye, kwa kuwa msimu wa kulima ulikuwa umefika. Lee akasema watu wake wana njaa, na Grant akatoa chakula cha watu 25,000. Nakala safi ya masharti iliandikwa na Ely Parker, ofisa wa Grant, Mhindi Mwekundu wa kabila la Seneca. Nalisifu jambo la farasi bila kusita. Mwenye kumfikiria adui yake shambani mwezi ujao anaelewa kwamba mtu asiye na chakula hurudi msituni.

Siku chache baadaye William Sherman, jemadari mwingine wa Kaskazini, katika kumalizana na Joseph Johnston wa Kusini kule North Carolina, aliingiza masuala ya kisiasa katika masharti, na Washington ikayakataa ikamrudisha mezani. Kwa hiyo mpaka wa jemadari ni wa kweli.

Lakini ulinganishe mpaka huo na Vereeniging. Pale Melrose House hawakukaa kimya kuhusu siasa. Walipanga lugha ya shule, wakapanga kodi ya ardhi, wakapanga kura. Waliona inafaa kuamua, na wakaamua dhidi ya mtu asiyekuwepo. Na hata ukimya wa Appomattox haukuwa wa bure kwa wote. Ahadi ya kutosumbuliwa ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Lee aliposhitakiwa kwa uhaini mwezi Juni mwaka uleule, Grant alisimama kidete kuitetea, na kesi ikafa. Watu milioni nne waliotoka utumwani hawakuwa na karatasi kama hiyo iliyowekwa saini na jemadari aliye tayari kujiuzulu kwa ajili yake. Ardhi ambayo Sherman alikuwa amewatengea baadhi yao Januari 1865 ilirudishwa kwa mabwana wa zamani kabla mwaka ule na uliofuata haujaisha.

Sheria za vita zenyewe zimejengwa kwa mwelekeo huohuo. Kifungu cha 35 cha Kanuni za Hague kinasema mapatano ya kusalimu amri lazima yazingatie kanuni za heshima ya kijeshi, na yakishakubaliwa pande zote ziyafuate kikamilifu. Ni kifungu kizuri. Ila heshima ya kijeshi mwaka 1907 maana yake ilikuwa upanga wa ofisa. Kut, kule Iraki ya leo, ilionyesha hivyo mwaka 1916. Jenerali Townshend, aliyezingirwa na Waturuki kwa miezi karibu mitano, alijaribu kununua njia ya kutokea: mizinga yake na fedha, pauni milioni 1, kisha 2. Waturuki wakakataa. Tarehe 29 Aprili akasalimu amri pamoja na watu wapatao 13,000, Wahindi na Waingereza. Yeye alipelekwa kukaa kwa raha katika kisiwa karibu na Istanbul. Askari wake wakaswagwa kwa miguu jangwani. Zaidi ya nusu ya Waingereza wa vyeo vya chini walikufa utekwani, na Wahindi kwa maelfu.

Pwani yetu nayo ina kumbukumbu zake za mapatano ya namna hii, na tungefaa kuzisoma kwa jicho hilohilo badala ya kuhesabu tu nani aliiteka Fort Jesus na lini. Novemba 1729 Wareno waliozingirwa humo tangu Aprili walisalimu amri kwa watu wa Mombasa wakapewa njia ya kuondoka kwa bahari kwenda Msumbiji. Walikuwa na kitu cha kubadilishana, yaani ngome, na wenyeji walikuwa na kitu cha kutoa, yaani vyombo na usalama wa safari. Makubaliano yakatimia. Mwaka 1837 mambo yalikwenda vingine. Mazrui walipatana na Seyyid Said baada ya miaka mingi ya mapigano, ngome ikarudi mikononi mwake, nao wakabaki mjini. Halafu viongozi wao, kama watu 25, wakakamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Aliyekwisha kutoa ngome hana tena cha kumzuia mwenzake asivunje neno, na hakukuwa na mtu wa tatu aliyesimama dhamana.

Dhamana ndiyo iliyokosekana Abercorn pia, kwa upande wa askari. Lettow, na hili lisemwe kwa haki yake, aliwaombea mishahara. Watu wake walikuwa wakidai malipo ya muda mrefu, na hesabu ilifika rupia milioni moja na nusu. Aliomba fedha hizo zipatikane hapohapo. Waingereza hawakuzitoa. Kilichobaki ni kuwapa watu vyeti vinavyoonyesha kiasi wanachodai. Askari wakapelekwa kambini Tabora, na homa ya mafua ya mwaka ule ikawafuata njiani na kambini, ikaua. Wajerumani wakapelekwa Dar es Salaam, wakapanda meli Januari 1919, na mwezi Machi Lettow akapita kwa gwaride katika lango la Brandenburg, Berlin.

Angalia mfuatano wa mambo. Silaha zilikabidhiwa kwanza, mishahara ikaombwa baadaye. Kwa mtu aliyekuwa na jeshi lililoshiba, lenye bunduki za rashasha 37 na risasi zaidi ya laki mbili, jeshi ambalo Waingereza walikuwa na hamu kubwa ya kuliona limekoma kutembea, mishahara ya askari ilikuwa sharti linaloweza kuwekwa mezani kabla ya Abercorn, tangu Chambeshi. Uwezo wa kudai ulikuwepo kwa siku kumi na moja. Ulitumika kwa mambo mengine. Serikali ya Ujerumani ililipa sehemu ya deni hilo miaka ya 1920, na mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow, Bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Wazee wakaenda Mwanza kudai. Inasimuliwa kwamba wachache tu walikuja na cheti cha 1918. Miaka 46 ni mingi kwa karatasi katika nyumba ya udongo.

Na hao ni askari, watu waliokuwa na angalau cheti. Wapagazi je? Uingereza peke yake iliwachukua karibu watu milioni moja kubeba mizigo katika vita hivi, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia, Kongo na Tanganyika yenyewe. Kwa hesabu rasmi, ambayo ni ya chini, zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao hadi leo. Upande wa Wajerumani ulikamata watu vijijini na kula akiba ya nafaka kila ulipopita. Ugogoni, baada ya majeshi yote mawili kupita na kuchukua watu, ng'ombe na mtama, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoendelea hata baada ya amani kutangazwa. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa ilibaki hazina, na licha ya baadhi ya maofisa wa kikoloni wenyewe kuidai London kwa ajili ya familia zao, haikulipwa.

Mkataba wa Versailles wa 1919 ulipoandikwa, Afrika Mashariki ilipata kifungu chake. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, ilikabidhi kwa Uingereza fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Nafurahi kwamba kifungu hicho kiliandikwa, hata kama fuvu halikurudi Kalenga hadi 1954. Kinathibitisha kwamba waandishi wa mkataba waliweza kuikumbuka Afrika Mashariki walipotaka, kwa undani wa kitu kimoja na mtu mmoja. Katika vifungu vyake 440, hakuna kinachotaja mshahara wa mpagazi.

Aprili 2021 ripoti ya Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Kuomba radhi peke yake hakutoshi. Orodha za vikosi vya wapagazi zilizosalia katika nyaraka za jeshi na za serikali, London, Nairobi na Dar es Salaam, zichapishwe zote, kila jina na kijiji chake na kiasi alichokuwa akidai siku aliyokufa, ili familia zinazotaka kudai zijue zinadai nini na kwa nani.